Pigo Lisilohesabiwa: Chimbuko la Saa ya Laptopu Inayobaki Nyuma

Laptopu ikipandishwa mfumo endeshi, kisha saa yake ikaanza kubaki nyuma dakika mbili tatu kila siku, washtakiwa hupatikana haraka. Wako wanaoishika betri ya CMOS, ile ndogo ya duara iliyobanwa kwenye madabodi. Wako wanaolilaumu toleo jipya, kwa hoja kwamba jana saa ilikuwa sawa na leo haiko sawa. Hoja zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote zinaanzia pabaya, kwa kuwa zinadhani ndani ya kompyuta mna saa moja. Historia inasema vingine. Tangu kompyuta ndogo ya IBM ilipoingia sokoni mwaka 1981, wakati ndani yake umekuwa kazi ya ubia: chuma hupiga, programu huhesabu. Anayepiga hajui ni saa ngapi, na anayehesabu hana pigo lake mwenyewe. Saa inayochelewa baada ya mfumo kupandishwa huwa inatuambia kwamba masharti ya ubia huo yamebadilishwa na upande mmoja, huku upande wa pili ukiendelea na desturi zake za zamani. Anayetaka kuitibu hana budi kujua masharti hayo yaliandikwa lini, na nani, na kwa sababu gani.

Kujua wakati kwa kuhesabu mapigo ni desturi kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1916 Henry Warren, mhandisi wa Massachusetts nchini Marekani, alianza kutengeneza saa za umeme ambazo mota zake zilikwenda sambamba na mizunguko ya umeme wa gridi. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa Bell Laboratories walionyesha saa ya kwanza iliyoongozwa na kipande cha kwatsi, madini ambayo yakipitishiwa umeme hutetemeka kwa kasi isiyobadilika sana. Kompyuta zilirithi njia zote mbili. Mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara hizohizo za Bell, ulitegemea kwanza mizunguko ya gridi: mashine ya PDP-11 ilikatizwa mara 60 kwa sekunde, na kila ilipokatizwa programu iliongeza moja kwenye hesabu yake. Kitabu cha maelezo cha Novemba 1971 kilieleza wakati kuwa idadi ya vipande vya sitini vya sekunde tangu mwanzo wa mwaka huo. Namba ya biti 32 ikijazwa kwa kasi hiyo hufurika baada ya siku 828 hivi, kwa hiyo kipimo kikabadilishwa baadaye kuwa sekunde nzima. Mpango wenyewe haukuguswa. Pigo lilitoka nje, na hesabu ilikuwa kazi ya programu.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana peupe barani Ulaya mwanzoni mwa mwaka 2018. Kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi, mvutano kati ya Serbia na Kosovo kuhusu umeme uliiacha gridi ya bara hilo na upungufu, na wastani wa mizunguko ukashuka kutoka 50 hadi karibu 49.996 kwa sekunde. Tofauti hiyo haionekani kwenye taa wala kwenye friji. Lakini saa za majiko na za redio zilizokuwa zikihesabu mizunguko zilibaki nyuma kwa karibu dakika 6, kutoka Ureno hadi Uturuki. Hakuna saa hata moja iliyokuwa mbovu. Kila moja ilihesabu sawasawa yale iliyoletewa. Tunapata hapo kanuni ya kwanza ya uchunguzi: saa inayohesabu inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikachelewa. Kanuni ya pili inafuata. Ni vigumu kwa mhesabuji kuhesabu pigo ambalo halikupigwa, lakini ni rahisi mno kulikosa lililopigwa akiwa ameshughulika na jambo jingine. Ndiyo maana kosa la saa ya programu, likitokana na hesabu, huelekea zaidi kwenye kuchelewa kuliko kuwahi.

Ubia wa kompyuta ndogo uliandikwa Boca Raton, Florida, ambako kikosi cha IBM chini ya Don Estridge kiliunda kompyuta yake kwa karibu mwaka mmoja na kuitangaza tarehe 12 Agosti 1981. Amri ilikuwa kutumia vipuri vilivyokwisha kuwako sokoni, tena vya bei nafuu. Kwa upande wa mapigo walichagua kioo kimoja cha kwatsi chenye mitetemo 14,318,180 kwa sekunde. Namba hiyo haina uhusiano wowote na saa. Ni mara nne ya mitetemo 3,579,545 inayobeba rangi katika televisheni za Marekani, kwa mujibu wa kiwango kilichopitishwa mwaka 1953, na viwanda vilikwisha kuzalisha vioo vya jamaa hiyo kwa wingi. Kikigawanywa kwa nne, kioo hicho kiliiwezesha kompyuta kupeleka rangi kwenye televisheni. Kikigawanywa kwa tatu, kiliendesha prosesa ya Intel 8088 kwa mizunguko milioni 4.77, ingawa prosesa hiyo ilikuwa na uwezo wa kufika milioni 5. Kikigawanywa kwa kumi na mbili, kililisha chipu ya kuhesabia, Intel 8253, mapigo 1,193,182 kwa sekunde. Chipu hiyo ilihesabu 65,536 kati yake, ndicho kiwango cha juu ilichoweza, kisha ikamkatiza prosesa. Matokeo yake ni pigo moja kila milisekunde 55 hivi, yaani mapigo 18.2 kwa sekunde. Kila mtu aliyeandika programu za DOS, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, aliijua 18.2, namba ya ajabu isiyogawa sekunde wala dakika, na chimbuko lake ni bei ya kioo cha televisheni.

Kompyuta hiyo ya kwanza haikuwa na saa yoyote inayoendelea kwenda ikizimwa. Kila ilipowashwa, DOS ilidhani ni tarehe 1 Januari 1980 na kumwomba mtumiaji aandike tarehe na saa. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa hesabu: pigo likija, BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya chuma chenyewe, huongeza moja, mapigo yakifika 1,573,040, siku imekwisha, hesabu hurudi sifuri na alama ya usiku wa manane huwekwa. Hapo ndipo kasoro za mwanzo zilipojitokeza. Katika BIOS nyingi alama hiyo ilikuwa ya ndiyo au hapana, haikuwa idadi. Kompyuta ikiachwa inawaka kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu bila programu yoyote kuuliza tarehe, usiku wa manane mara tatu uliandikwa kama mara moja, na mashine ikarudi kazini ikiwa nyuma siku mbili. Michezo nayo ilikuwa na visa vyake. Iliyohitaji kasi zaidi iliiagiza chipu ipige mara nyingi kwa sekunde, kisha ikasahau kupeleka mapigo kwa DOS kwa kiwango cha awali. Mchezaji alipomaliza, saa ilikuwa imepotea. Chuma hakikuwa na kosa katika visa vyote hivi. Programu moja ilikuwa imebadili masharti ya hesabu ambayo programu nyingine iliyategemea.

Dawa ya IBM ilikuja Agosti 1984 na modeli ya AT, iliyobeba chipu ya Motorola MC146818: saa kamili yenye betri yake na kioo cha mitetemo 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na tano, kwa hiyo kuipunguza nusu kwa nusu mara kumi na tano huzaa sekunde moja kamili. Viwanda vya saa za mkononi vilikwisha kuizoea. Tangu hapo kila kompyuta ya ukoo huo ina saa mbili: ya chipu, inayokwenda hata mashine ikiwa kabatini, na ya mfumo endeshi, inayoanza upya kila mashine inapowashwa. Mfumo huisoma ya kwanza mara moja wakati wa kuamka, kisha huiacha na kuhesabu wenyewe. Msomaji makini atauliza kwa nini usiisome chipu kila wakati na kumaliza ubishi. Jibu ni kwamba chipu hiyo husema sekunde tu, wakati programu huhitaji vipande vidogo mno vya sekunde. Huulizwa kwa njia ya polepole, baiti moja baada ya nyingine, na kila sekunde huwa na kipindi cha karibu milisekunde 2 ambacho inajiandika upya na hairuhusiwi kusomwa. Tena nayo si malaika. Kioo cha bei nafuu kikipotoka kwa sehemu 20 katika milioni, saa hukosea sekunde 1.7 kwa siku, na joto au baridi huongeza upotofu. Waundaji walikuwa na sababu nzuri za kuiachia programu hesabu. Gharama yake ililipwa baadaye.

Waliolipa zaidi ni wenye laptopu, na deni lilianza kwenye betri. Mwaka 1990 Intel ilitoa prosesa ya 386SL kwa ajili ya mashine za kubeba, ikiwa na hali ya pekee ya usimamizi: BIOS inaweza kumnyakua prosesa wakati wowote, ikapima chaji, ikawasha feni au ikapunguza mwanga wa skrini, kisha ikamrudisha alipokuwa. Mfumo endeshi hauombwi ruhusa wala hauarifiwi. Kwa mtumiaji, hiyo ilikuwa njia safi ya kufanya laptopu yoyote ifanye kazi na mfumo wowote. Kwa hesabu ya mapigo ilikuwa hatari, kwa sababu pigo linalofika BIOS ikiwa imemshika prosesa husubiri mlangoni, na mlango huo una nafasi ya pigo moja tu. Yanayofuata hupotea. Kisha ikaja kasi inayobadilika. Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa na kihesabio cha mizunguko yake yenyewe, chepesi na cha haraka kusoma, na waandishi wa mifumo wakakipenda. Januari 2000 Intel ikaleta Pentium III za laptopu zenye SpeedStep, zilizoshuka kutoka mizunguko milioni 650 hadi milioni 500 kwa sekunde chaja inapochomolewa. Programu iliyopima kasi hiyo wakati wa kuwaka, kisha ikaendelea kuamini kwamba mizunguko milioni 650 ni sekunde moja, ingeona dakika 46 katika kila saa nzima iliyopita kwenye betri.

Kwa miaka kadhaa hatari hizo zililala kimya, kwa kuwa mifumo ilihesabu taratibu. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, kiliiagiza chipu ya mapigo imkatize prosesa mara 100 kwa sekunde. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, lilipandisha idadi hiyo hadi 1,000 kwenye kompyuta za kawaida ili programu ziitike haraka zaidi na zipumzike kwa vipimo vidogo zaidi. Tuseme BIOS ya laptopu fulani humshika prosesa kwa milisekunde 5 kila baada ya sekunde 2 ili kupima betri. Kwa mapigo 100, umbali kati ya pigo na pigo ni milisekunde 10. Katika ushikaji mmoja halitafika zaidi ya pigo moja, nalo litasubiri mlangoni na kuhesabiwa. Hakuna kinachopotea. Kwa mapigo 1,000 yatafika matano, moja litasubiri, manne yatapotea. Milisekunde 4 katika kila sekunde 2 ni karibu dakika 3 kwa siku. Laptopu ni ileile, BIOS ni ileile, betri ni ileile, na saa inabaki nyuma kuanzia siku mfumo ulipopandishwa. Diski kuu nazo zilichangia. Zile zilizokuwa zikihamisha data kupitia prosesa yenyewe zilizuia ukatizaji wakati wa kazi, na kunakili faili kubwa kukatosha kuirudisha saa nyuma. Hata hesabu yenyewe ilihitaji uangalifu mpya, kwa maana 1,193,182 haigawanyiki kwa 1,000. Pigo lilikuja mapema kidogo, na ikakibidi kiini kulithamini nanosekunde 999,848 badala ya milioni moja.

Basi toleo jipya ndilo lenye hatia, atasema mlalamikaji. Halikuwa na haja ya kugusa kitu kilichokuwa kikienda vizuri. Hoja hii ina nguvu na haistahili kupuuzwa. Kwa kweli mwaka 2005, katika toleo la 2.6.13, waundaji wenyewe walishusha kiwango cha kawaida hadi 250, kwa sababu pia prosesa inayoamshwa mara 1,000 kwa sekunde hula betri bila faida. Lakini kusema kwamba kitu kilikuwa kikienda vizuri ni kusahau kwamba kilikuwa kikienda kwa bahati. Hakuna popote ambapo BIOS iliahidi kumwachia prosesa ndani ya milisekunde 10, na hakuna popote ambapo kiini kiliahidi kutopiga zaidi ya mara 100. Kila upande ulikuwa na tabia ambayo upande wa pili uliichukulia kuwa sheria. Kupandisha mfumo kulifichua kosa lililokuwamo, hakukulizaa. Ushahidi mzuri ni onyo ambalo matoleo ya mwanzo ya 2.6 yaliliandika kwenye kumbukumbu za mfumo yalipogundua yanapoteza mapigo mengi mno. Kiini kilimweleza msimamizi kuwa kihesabio cha prosesa hakiaminiki tena kama chanzo cha wakati, kikataja sababu zinazowezekana, zikiwemo SpeedStep na diski isiyowekewa njia ya kuhamisha data bila prosesa, kisha kikahamia chanzo kingine. Mfumo wenyewe ulikuwa umeanza kuuliza mapigo yanakwenda wapi.

Sasa turudi kwa mshtakiwa mwingine, betri. Kesi dhidi yake ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu betri ya CMOS huilisha saa ya chipu wakati kompyuta imezimwa na haina chaji. Betri iliyokwisha huonekana asubuhi: mashine iliyozimwa usiku kucha huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Haiwezi kuifanya saa ya mfumo ichelewe kidogo kidogo mashine ikiwa inawaka mezani. Jaribio la kuwatenganisha washtakiwa hawa ni jepesi. Saa ya mfumo na saa ya chipu husomwa zote mbili na kulinganishwa na saa ya kuaminika, kisha husomwa tena baada ya saa kadhaa bila kuzima. Ya chipu ikiwa sawa na ya mfumo iko nyuma, hesabu ndiyo inayovuja. Kinachoharibu ushahidi ni kuzima. Mifumo mingi ya Linux ya enzi hizo, ilipozimwa, iliandika saa ya mfumo juu ya saa ya chipu, kwa hiyo kosa la mhesabuji lilimwambukiza asiye na kosa. Mwenye laptopu akiiwasha upya, saa zote mbili zinakubaliana katika uongo mmoja, na fundi akanunua betri mpya bure. Yuko na mshtakiwa wa tatu anayesingiziwa kuchelewa. Windows kwa kawaida huiweka saa ya chipu kwa saa za mahali, na Linux huiweka kwa saa ya dunia. Laptopu yenye mifumo yote miwili huko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hutofautiana kwa saa tatu kamili, na huko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi kwa saa mbili. Kosa linalokuja kwa saa nzima-nzima na halikui siku kwa siku halihusu mapigo hata kidogo. Ni mifumo miwili iliyosoma namba moja kwa maana mbili.

Tiba ya kudumu ilipatikana pale wahandisi walipoacha kumwamini mhesabuji. John Stultz wa IBM na wenzake walieleza mwaka 2005, katika kongamano la Linux mjini Ottawa, kwamba wakati usitokane na idadi ya mara prosesa alizokatizwa. Utokane na kusoma kihesabio cha chuma kinachojiendesha chenyewe. Ukichelewa kukisoma kwa milisekunde 5 hupotezi chochote, maana chenyewe hakikusimama; ukirudi unakuta kimesonga mbele kwa kiasi kilekile. Pigo linabaki kuwa ukumbusho wa kwenda kusoma, haliwi tena sarafu ya wakati. Kazi hiyo iliingia katika toleo la 2.6.18 mwaka 2006, na mwaka uliofuata toleo la 2.6.21 likaweza hata kunyamazisha mapigo prosesa akiwa hana kazi. Vihesabio vya kusoma vilikwisha kuwako. Kiwango cha ACPI, kilichotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, kilidai kila mashine iwe na kimoja kinachokwenda kwa 3,579,545 kwa sekunde. Kile kilichofuata, HPET, kwa kawaida huendeshwa na 14,318,180. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: baada ya miongo miwili na zaidi, wakati wa kompyuta ulikuwa bado unalishwa na kioo cha televisheni ya rangi, hata pale televisheni zenyewe zilipokuwa zikielekea kwenye digitali. Ubia ulibaki uleule, ila sharti la hesabu lilikuwa limeandikwa upya.

Yupo atakayesema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa intaneti hurekebisha saa zote. David Mills, aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, alichapisha itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao Septemba 1985, na leo karibu kila kifaa huitumia kimyakimya. Lakini itifaki hiyo ilitungwa kurekebisha kioo kinachopotoka, haikutungwa kufukia hesabu inayovuja. Utekelezaji wake wa kawaida una mpaka: unaweza kuisukuma saa kwa sehemu 500 katika milioni, sawa na sekunde 43.2 kwa siku. Laptopu ya mfano wetu, inayopoteza dakika 3 kwa siku, imevuka mpaka huo mara nne. Haisukumwi tena, inarushwa. Saa hubaki nyuma, hurushwa mbele, hubaki nyuma tena, na programu zinazolinganisha muda wa faili, kama zile zinazojenga programu nyingine au kunakili akiba, hupata tarehe zisizofuatana. Na mtandao si mali ya kila wakati. Laptopu ya shule isiyo na bando, au ya mtafiti aliyeko kijijini kwa wiki tatu, huachiwa hesabu yake yenyewe. Saa ikipotoka sana, hata mtandao wenyewe hufunga mlango, kwa maana vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kinachoamini ni mwaka juzi hukataa cheti kilichotolewa mwaka huu. Anayehitaji mtandao kurekebisha saa anaweza kuhitaji kwanza saa sahihi ili aufikie mtandao.

Mabaharia walijua jambo hili kabla ya umeme. Saa ya baharini ya fundi John Harrison iliyosafirishwa kwenda Jamaica mwaka 1761 ilisifiwa kwa kukosea sekunde 5 tu katika siku 81, na sifa hiyo ilihesabiwa baada ya kuondoa kiasi ambacho saa hiyo ilijulikana kupotoka kila siku. Nahodha hakudai saa isiyokosea. Alidai saa ambayo kosa lake lina kiwango na sababu. Linux ilirithi hekima hiyo katika faili dogo liitwalo adjtime, ambamo upotofu wa saa ya chipu huandikwa na kurekebishwa kila mashine inapowaka. Upotofu wa kioo unaweza kuandikwa namna hiyo kwa sababu una utaratibu. Mapigo yanayopotea kila BIOS inapomnyakua prosesa, au kila diski inaposhughulika, hayana utaratibu. Hufuata kazi ya siku hiyo, kwa hiyo hakuna namba moja inayoweza kuyafidia. Hii ndiyo sababu iliyo imara zaidi ya kukataa tiba zinazoificha dalili. Saa inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku inahitaji kurekebishwa; inayokosea zaidi siku za kazi nyingi inahitaji chanzo kingine cha wakati.

Hoja hii inafaa kazini hadi leo, maana ubia bado upo. Prosesa za kisasa zina kihesabio kisichobadilika kasi hata zikipunguza mwendo, na Linux hukitumia, na inapoona haja hukichunga kwa kukilinganisha na HPET au kihesabio cha ACPI. Kikionekana kupotoka, hukiacha na kuandika hivyo kwenye kumbukumbu. Kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, kama zile zinazokodishwa kwenye vituo vya data, zimefufua tatizo la kale, kwa sababu mwenyeji humnyima mgeni prosesa bila kumwarifu, sawasawa na BIOS ya mwaka 1990. Kwa hiyo anayekuta saa imechelewa baada ya kupandisha mfumo aanze na swali ambalo historia imelijibu mara nyingi: wakati huu unasomwa wapi, na ni nani anayehesabu? Kwenye Linux jibu limo katika faili la current_clocksource, na kulisoma ni kazi ya sekunde chache. Akikuta chanzo kimebadilika tangu toleo lililopita, amepata mahali pa kuchimba. Akikuta hakikubadilika, basi betri na toleo jipya wanaweza kushtakiwa, safari hii kwa ushahidi.